Je, Kijana wa Upare Achague Historia katika Kidato cha Tano?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yatangazwapo, mashauri huanza katika nyumba nyingi za milima ya Pare, tangu Ugweno na Usangi hata Mbaga, Gonja na Chome. Kijana amefaulu. Baba ana lake, mama ana lake, na mjomba aliyeko Dar es Salaam aleta la tatu kwa simu. Kijana mwenyewe akaa kimya akiutazama ukuta. Neno linaloshindaniwa ni moja: asome masomo gani katika Kidato cha Tano? Na katika hayo liko somo moja linalowagawanya watu kuliko mengine, nalo ni Historia, ambayo wazee wa pwani waliiita tarikh. Mmoja husema ni somo la walioshindwa na hesabu. Wa pili husema ndiyo njia ya uwakili. Wa tatu huuliza: je, mtoto atakula habari za wafalme waliokufa?

Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa utulivu, maana miaka miwili ya kijana si kitu cha kutupa, na chaguo likiisha kuandikwa, kulifuta si kazi nyepesi. Hatusemi na vijana peke yao. Twasema pia na wazazi, kwa kuwa mara nyingi mkono ulioshika kalamu ni wa mtoto, lakini sauti inayosema nini kiandikwe ni ya mzazi.

Kwanza na tueleze utaratibu wenyewe, kwa ajili ya wale ambao watoto wao ndio wa kwanza kufika hapo. Katika Kidato cha Tano mwanafunzi hasomi tena masomo yote. Huchagua masomo matatu makuu yanayokwenda pamoja, na fungu hilo huitwa tahasusi. Tahasusi zenye Historia zilizozoeleka ni HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. HGK, yenye Historia, Jiografia na Kiswahili. HKL, yenye Historia, Kiswahili na Kiingereza. Na HGE, ambamo Historia na Jiografia hufuatana na Uchumi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi nyingine nyingi, hata orodha ikawa ndefu mara kadhaa kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo mzazi asitegemee anayoyakumbuka tangu siku zake za shule, bali aombe kuiona orodha ya mwaka huu. Ili kijana achaguliwe kwenda Kidato cha Tano katika shule ya serikali, yampasa awe amefaulu vizuri, kwa alama za A, B au C, katika masomo yasiyopungua matatu. Fomu ya kuchagua hujazwa akiwa bado Kidato cha Nne, lakini baada ya matokeo Ofisi ya Rais, TAMISEMI, hufungua nafasi ya kubadili. Nafasi hiyo ina siku zake, na watu wengi wa vijijini huisikia imekwisha kufungwa.

Hayo ni ya fomu. Sasa tuingie katika somo lenyewe, maana hapo ndipo penye kosa kubwa la wachaguaji. Wengi huichagua Historia, au huikataa, kwa kuikumbuka ilivyokuwa katika vidato vya chini. Huko mwanafunzi aliyekuwa na kumbukumbu nzuri aliweza kwenda mbali. Alijifunza kwamba mkutano wa Berlin ulikuwa mwaka 1884 na 1885, kwamba vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na alipoulizwa alijibu. Katika Kidato cha Tano tarehe hizo hazihesabiwi kuwa elimu. Ni kama mawe ya msingi yaliyorundikwa kiwanjani: bila hayo hujengi, lakini hakuna apewaye sifa ya ujenzi kwa sababu ana rundo la mawe. Mwanafunzi huulizwa kwa nini jambo lilitokea, kwa nini lilitokea hapo na si pengine, na ni nani asemaye hivyo. Naye hujibu kwa insha ndefu, moja baada ya nyingine, kwa saa tatu.

Kwa muda mrefu somo hili limegawanyika sehemu mbili. Moja ni ya Afrika: jamii zetu kabla ya wageni, biashara ya watumwa na watu weusi waliopelekwa ng'ambo ya bahari, ukoloni, kudai uhuru, na mambo yaliyofuata uhuru. Ya pili ni ya dunia: jinsi ubepari ulivyoota Ulaya, mapinduzi ya viwanda Uingereza, mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 na ya Urusi ya mwaka 1917, vita viwili vikuu, na mashindano ya Marekani na Urusi baada ya mwaka 1945. Kijana ambaye hajavuka Mombo huweza kujikuta usiku mmoja akisoma habari za wafumaji wa Uingereza waliovunja mashine. Kama jambo hilo lamchosha kabla hajalianza, na lisemwe mapema.

Lakini namna ya kuwaza inayotakiwa hatuna haja ya kuifuata Uingereza. Twaweza kuionyesha papa hapa Same.

Mwaka 1945 mji wa Same, uliokuwa makao ya serikali ya wilaya ya Pare, ulijaa watu wasiokuja kununua wala kuuza. Walikuja kwa maelfu, wengine kwa mwendo mrefu wa miguu kutoka Usangi na Ugweno, wakakaa hapo. Shauri lao lilikuwa kodi iliyoitwa mbiru. Watawala wa Kiingereza, pamoja na baraza la machifu wa Upare, walikuwa wameanzisha kodi ambayo kila mtu alitozwa kwa kadiri ya mali yake, na ili kujua mali hiyo ilibidi watu waende kukadiria ng'ombe na mashamba ya kila nyumba. Jina mbiru lilikuwa la kale, la malipo waliyopewa watawala wa Kipare zamani. Sasa likavishwa jambo jipya. Watu wakakataa. Mvutano ukaendelea kwa muda mrefu, viongozi wa wapingaji, kama Paulo Mashambo, wakaondolewa kwao, malalamiko yakapelekwa hata London, na hatimaye mbiru ikaachwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili angeyasoma haya, akayashika, akapata alama zake. Mwanafunzi wa Kidato cha Tano ndiyo kwanza aanza kazi. Kodi ya kutoza tajiri zaidi na maskini kidogo, kwa kuisikia tu, yaonekana kuwa ya haki kuliko kodi iliyo sawa kwa wote. Mbona basi hata maskini waliikataa? Na mbona watu wale hawakusema hawatalipa kodi, bali walikuwa tayari hata kodi ya sawa kwa wote iongezwe, mradi mbiru iondoke? Hapo ndipo penye fundo. Je, walichukia kuhesabiwa mali na majirani waliokuwa wakadiriaji? Je, walihisi kwamba jina la mababu limetumiwa kuwadanganya? Je, machifu walikuwa wamekwisha kupoteza heshima, na kodi ikawa sababu tu ya kusema lililokuwa moyoni? Kila moja katika majibu haya lina ushahidi wake, na hayawezi kuwa na uzito sawa. Kuyapima, kuchagua, na kuandika kwa nini umechagua hivyo, hiyo ndiyo Historia ya Kidato cha Tano. Asiyeona utamu wowote katika maswali hayo tumempa jibu lake tayari, na ametuazima dakika chache tu.

Tena kuna swali la mashahidi. Afisa wa zamani aliyeandika barua kwa mkubwa wake alikuwa na sababu ya kueleza kwamba watu walikuwa watulivu mpaka walipochochewa na wachache, kwa maana kama hawakuchochewa, basi kosa ni lake. Mzee aliyeandamana naye, akihojiwa miaka 20 baadaye nchi imekwisha kuwa huru, alikuwa na sababu ya kueleza kwamba tangu siku ya kwanza aliona mwisho wa ukoloni. Hatusemi kwamba mmoja ni mwongo. Twasema kwamba kila shahidi husimama mahali, na mahali hapo huonyesha upande mmoja wa mlima. Anayesoma Historia hujifunza kuuliza kwanza: huyu alisimama wapi?

Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye mwenyewe Mpare, aliandika kijitabu kizima juu ya mbiru, kikatoka mwaka 1971. Baadaye kidogo, katikati ya miaka ya 1970, mtaalamu wa Kimarekani Jean O'Barr akauliza swali ambalo wengi hawakuliuliza: wanawake walikuwa wapi? Akaonyesha kwamba waume walipokuwa wamekaa mbali na nyumbani kwa ajili ya shauri hilo, na mzigo wa shamba na watoto ukawa umewalemea wake zao, wanawake wa Usangi waliandamana wao wenyewe, wakawakabili wakubwa na kuwadai walimalize shauri ili waume warudi. Maneno waliyoyatumia yalikuwa makali kiasi kwamba hatuyaandiki katika kijitabu kisomwacho na watoto. Mambo yale hayakubadilika tangu mwaka 1945. Kilichobadilika ni swali, na swali jipya likatoa watu wapya kutoka gizani. Kijana akiisha kulielewa jambo hili moja, amekwisha kuelewa kwa nini vitabu vya Historia huandikwa upya kila kizazi, wala hatasema tena kwamba ya zamani yamekwisha kujulikana.

Huyo Kimambo tutamtaja tena, kwa kuwa kazi yake kubwa ilifanyika katika milima hii. Katika miaka ya 1960 alikwenda huku na huku Upare akiwasikiliza wazee wa koo mbalimbali, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake juu ya historia ya utawala wa Wapare tangu yapata mwaka 1500 hata 1900. Wako watu waliodhani kwamba nchi isiyokuwa na maandishi haina historia ya kuandikwa. Yeye alifanyaje? Alihesabu vizazi. Ukoo humtaja baba, babu, na baba wa babu. Ukilinganisha hesabu ya ukoo huu na ya ule, na majina yaliyo katika habari za koo zote mbili yakakubaliana, unaanza kupata ngazi ya miaka. Kisha alipambanisha masimulizi. Katika Ugweno, Washana, mafundi wa chuma, walikuwa watawala, mpaka Wasuya walipowaondoa. Je, waonaje: Msuya na Mshana watakusimulia habari ile kwa namna moja? Mshindi hueleza haki yake, aliyeshindwa hueleza hila aliyofanyiwa. Mwanahistoria huwasikiliza wote wawili, akatafuta yale ambayo hata adui hukubali. Na chini ya milima ya kusini, huko Maore, ardhi yenyewe imetoa ushahidi: vipande vya vyungu vya kale ambavyo wachimbuaji wameita aina yake kwa jina la mahali hapo.

Msomaji aweza kusema: haya ni mazuri kwa profesa, lakini mimi nina mtoto mmoja aliyefaulu na mbuzi wanne. Basi na tuje kwenye faida, ila twataka kuanza na faida isiyotajwa na wengi.

Mashariki ya Same iko Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Eneo hilo lilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa. Baadhi yao walikwenda mahakamani kuidai ardhi yao, shauri likapanda mpaka Mahakama ya Rufani, likaamuliwa mwaka 1999, nao hawakurudishiwa. Sisi hatutaki kuhukumu upya kesi iliyokwisha. Twataka msomaji aone tu ni nini kilichopimwa pale. Moja ya mambo makubwa yaliyoulizwa lilikuwa hili: ni nani aliyeishi huko tangu zamani, nani alikuja baadaye, na yathibitishwaje? Hilo ni swali la Historia tupu, na majibu yake yaliwahusu watu wenye ng'ombe na watoto. Wale wanaodhani kwamba Historia ni habari za marehemu wangefaa kuisoma hukumu ile. Kijiji ambacho hakina hata mtu mmoja ajuaye kuutafuta, kuupanga na kuuandika ushahidi wa zamani yake, hutegemea kumbukumbu ya wengine siku ya kuulizwa.

Sasa kazi. Hapa yafaa kusema kweli mbele ya kijana, hata kama haipendezi. Historia peke yake haitoi kazi kama vile ufundi wa umeme unavyoitoa. Ni mlango wa kupitia kwenda masomo mengine: sheria, ualimu, uandishi wa habari, maendeleo ya jamii, utawala, utunzaji wa nyaraka na makumbusho, utalii. Kwa uwakili ni somo linalofaa sana, kwa kuwa wakili na mwanahistoria hufanya kazi za ndugu wawili: wote hupima mashahidi na kujenga hoja. Kwa ualimu, mambo yamekuwa magumu zaidi. Katika miaka ya karibuni, nafasi za kuajiri walimu zimependelea mno wa sayansi na hisabati, na walimu wengi wa masomo ya sanaa wamekaa nyumbani wakingoja. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nayo imezoea kutaja fani za uganga, uhandisi na sayansi miongoni mwa zile zinazotangulizwa. Anayechagua Historia na achague akijua hayo, wala asije akayasikia kwa mara ya kwanza akiwa mwaka wa tatu wa chuo.

Lakini pia twaona kosa la upande wa pili, nalo ni kubwa vilevile. Kijana mwenye alama C ya Historia na Kiswahili, na F ya Fizikia, husukumwa na mzee wake kwenda kwenye sayansi kwa sababu ya daktari mmoja waliyemwona kijijini. Mlango wa chuo kikuu hautazami jina la somo tu, hutazama ufaulu. Kima cha chini cha kujiunga na shahada kwa waliomaliza Kidato cha Sita, kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilivyokiweka, ni masomo makuu mawili yaliyofaulu yenye jumla ya alama nne, A ikihesabiwa tano na E moja. Vyuo vingi huomba zaidi ya hapo. Kijana aliyepata B mbili katika Historia na Kiswahili yuko mbali mbele ya yule aliyeanguka katika Fizikia na Kemia ili kumfurahisha baba. Na iko njia ya tatu ambayo kwa wengine ni bora kuliko hizo mbili, yaani chuo cha kati: uuguzi, kilimo, ufundi wa VETA. Kwenda Kidato cha Tano kwa sababu tu jirani amekwenda ni gharama kubwa kwa sifa ndogo.

Tumetaja gharama. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo wa 2022, kama ile ya vidato vya chini ilivyoondolewa mwaka 2016. Hiyo ni nafuu kweli. Hata hivyo godoro, sare, nauli, madaftari na vitabu havikuondolewa, na kijana wa Gonja aweza kupangiwa shule iliyo mkoa wa mbali. Vitabu vyenyewe ni jambo la kufikiriwa mapema na mwenye kuchagua Historia, kwa maana hili ni somo la kusoma kwingi. Kitabu cha Walter Rodney juu ya jinsi Ulaya ilivyoizuia Afrika isiendelee, kilichotoka mwaka 1972 wakati mwandishi wake alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, hakisomwi kwa siku mbili. Tena yampasa mwanafunzi asome na wale wasiokubaliana na Rodney, la sivyo atakuwa amebadili kukariri tarehe kwa kukariri maoni.

Juu ya kukariri tuna neno moja kali. Imekuwa desturi katika shule nyingi kuuza na kununua karatasi za majibu yaliyokwisha kupangwa, kila swali na hoja zake sita, utangulizi wake na hitimisho lake. Mwanafunzi huzimeza kama dawa. Huenda akafaulu kwa namna hiyo, nasi hatukatai. Lakini kama ndivyo anavyokusudia kuisoma Historia, basi afadhali asiichague, kwa sababu atakuwa amebeba mzigo wake wote na kuacha chakula kilichomo. Mwalimu ndiye atakayeamua sana jambo hili. Shule yenye mwalimu mmoja wa Historia anayependa kubishana na wanafunzi wake ni bora kuliko yenye maktaba kubwa iliyofungwa kwa kufuli. Kijana akiweza, na awaulize waliomtangulia katika shule aliyopangiwa: mwalimu husoma notisi ubaoni mpaka kengele, au huwauliza maswali?

Limebaki jambo ambalo kwa maoni yetu huwaangusha watoto wa vijijini kuliko yote, nalo halina uhusiano na akili. Ni lugha. Mtoto wa Chome husema Chasu nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza darasani tu. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, lakini Historia ya tahasusi husomwa na kuandikwa kwa Kiingereza. Katika hisabati, asiyejua Kiingereza vizuri aweza kuokolewa na namba zake. Katika Historia hakuna cha kumwokoa. Hoja yake njema juu ya mbiru, ambayo angeieleza barazani kwa Chasu mpaka wazee wakatikisa vichwa, itatoka katika karatasi ya mtihani imevunjika miguu. Kwa hiyo kabla ya kutazama alama ya Historia, tazameni alama ya Kiingereza. Kama ni D, haina maana kwamba njia imefungwa, bali kwamba kijana ana kazi mbili badala ya moja, na ya pili haina kipindi katika ratiba. HGK humpunguzia kidogo, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Lakini insha za Historia na za Jiografia humngoja palepale.

Kwa bahati njema, kijana ana muda wa kujijaribu. Mtihani wa Kidato cha Nne humalizika mwezi wa Novemba, na Kidato cha Tano huanza mwezi wa Julai. Ni karibu miezi minane, na wengi huimaliza kwa kuchunga, kusaidia shamba la tangawizi, au kuzurura Same mjini. Sisi twampa jaribio ambalo halina gharama.

Karibu kila upande wa milima ya kusini pana ndiva, yale mabwawa ya udongo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana, kama ndiva ya Manoo huko Bangalala. Kijana na achague ndiva moja iliyo karibu na kwao, kisha aulize: ni nani aliyeichimba, lini, na ukoo upi una haki ya kwanza ya maji? Na amwulize mzee wa ukoo unaotajwa kuwa ndio wenyewe. Halafu amwulize mzee wa ukoo unaopata maji mwisho. Halafu amtafute bibi kizee mmoja, maana huenda wanaume wote wawili wakasahau ni nani waliobeba udongo. Asiwaulize mara moja wakiwa pamoja, kwa sababu wataoneana haya. Aandike alichoambiwa na kila mmoja, siku aliyoambiwa, na umri wa msemaji kwa kadiri ajuavyo.

Atakuta hawakubaliani. Hapo na akae chini, aandike kurasa mbili kwa Kiingereza, kamusi ikiwa kando yake, akieleza ni yupi aliye karibu zaidi na kweli na kwa sababu gani. Kisha amwonyeshe mwalimu wake wa zamani, au mtu yeyote kijijini aliyefika Kidato cha Sita, amsahihishie lugha na kumpinga hoja. Kazi hiyo yaweza kuchukua wiki tatu. Kama katika wiki ya pili kijana ameanza kukasirika kwa kuwa wazee hawasemi jibu moja akaliandika akamaliza, na akitazama kurasa zake anaona adhabu tu, basi na aende TAMISEMI ingali imefungua nafasi ya kubadili, achague jingine bila aibu yoyote. Kama amerudi kwa yule mzee wa kwanza mara ya pili bila kuagizwa na mtu, kwa sababu kuna neno moja halikumkalia sawa, wazazi wake wanaweza kuanza kutafuta godoro.